Pesa za Wazee: Si Uvivu, Si Aibu, na Si Mali Yako



Wiki hii grupu yetu ya WhatsApp ilichemka. Ilianza na tangazo dogo tu. Dada mmoja aliandika kwamba pesa za wazee, zile za Inua Jamii, zimeingia, na wenye wazazi wawapeleke kuchukua. Ndugu mmoja akajibu: "Serikali inafuga wavivu." Mwingine akaongeza: "Mtoto wa Mungu hali kwa mkono wa Farao." Wa tatu akatuma video ya mhubiri wa Marekani anayefundisha kwamba misaada ya serikali ni laana. Mtu akatupia methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kufika saa tatu usiku, ujumbe ulikuwa umepita mia.

Katikati ya hayo yote, mzee wetu mmoja wa miaka 74 akatoka kwenye grupu. Hakuaga, hakuandika neno.

Huyo mzee ndiye aliyenifanya niandike leo. Nitaandika kirefu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako, kaa, usome hadi mwisho. Na kabla sijamrekebisha mtu yeyote, nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilihubiri kutoka 2 Wathesalonike 3:10, pale Paulo anaposema kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula. Niliwaka siku hiyo. Nilisema pesa za serikali zinawafanya watu wakae vibarazani wakingojea simu iite. Kanisa likapiga makofi. Vijana walisimama.

Baada ya ibada bibi mmoja alinisubiri mlangoni. Wengi wenu mnamfahamu, lakini jina lake sitaliandika. Maisha yake yote alikuwa akishona makuti, yale yanayoezeka hoteli za Diani, mpaka vidole vikakataa kukunja. Alikuwa akilea wajukuu watatu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu mchungaji, nimesikia neno la leo. Sasa hizi pesa nirudishe kwa nani?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Hapana bibi, si wewe niliyekusudia." Nikampa mkono, nikaenda kula chakula cha mchana.

Yeye hakucheka. Malipo yaliyofuata hakwenda kuchukua. Alisema moyoni kwamba kama mtumishi wa Mungu amesema ni chakula cha wavivu, hatakila. Dawa zake za presha zikaisha. Mjukuu wa kati akarudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa ya shule, akanyamaza. Siku moja alfajiri tukapigiwa simu kwamba bibi ameanguka njiani kuelekea kisimani. Tulimbeba kwa tuktuk mpaka hospitali. Bwana akamhurumia, akapona. Lakini mimi, nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, nilijua ni nani aliyemwangusha. Lilikuwa ni hubiri langu.

Kwa hiyo, mpendwa, ninapokuambia uangalie unachoandika kwenye grupu, ninazungumza kama mtu aliyekwisha kuumiza.

Tulitazame Neno kwa makini. Paulo alimwandikia mtu asiyetaka kufanya kazi. Hakuandika asiyeweza. Kule Thesalonike kulikuwa na watu wazima wenye nguvu zao, walioacha kazi wakawa wanazunguka nyumba za watu na kujiingiza katika mambo yasiyowahusu. Hao ndio aliowakemea. Paulo huyohuyo, alipomwandikia Timotheo sura ya 5, alitoa utaratibu wa kuwatunza wajane. Katika mstari wa 9 anataja orodha. Ndiyo, orodha! Kanisa la kwanza lilikuwa na daftari la wajane wa kusaidiwa, na lilikuwa na umri wa kuingia: miaka sitini. Serikali yetu imeweka sabini. Paulo alikuwa mpole kuliko wizara.

Basi usichukue mstari ulioandikiwa kijana mvivu ukampiga nao bibi kizee. Hata wahenga wetu walijua tofauti hiyo. Walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maneno mazuri. Lakini jembe hupewa mwenye mikono ya kulishika. Bibi wa miaka 78 amekwisha kulima siku zake zote, na wengine mnaosoma hapa mmesomeshwa na jembe hilo.

Sasa tuje kwa Farao. Ndugu yangu uliyeandika kwamba mtoto wa Mungu hali kwa mkono wa Farao, nakupenda, lakini rudi Mwanzo 41. Nani alimpa Yusufu hekima ya kuweka sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe? Ni Mungu. Ghala zilikuwa za nani? Za Farao. Na njaa ilipouma Kanaani, Yakobo na wanawe, watu wa agano, walikula wapi? Kutoka ghala hizohizo. Mungu alilinda uzao wa ahadi kwa mpango wa chakula wa serikali ya kipagani. Hakuona aibu.

Tena Mungu hakuwaachia maskini wategemee huruma peke yake. Aliweka sheria. Soma Walawi 19:9-10 na Kumbukumbu la Torati 24:19-21. Mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za shamba mpaka mwisho, na mganda uliosahaulika asiurudie. Hayo yalikuwa ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Hakutakiwa kuwafanyia hisani. Kulingana na sheria ya Bwana, pembe zile hazikuwa zake tena. Ruthu alipoingia shamba la Boazi hakuingia kama mwizi, wala hakuingia kama ombaomba. Alikuwa na haki ya kuingia. Na kwa sababu mkwewe Naomi alikuwa mzee, mwenye nguvu aliokota kwa ajili ya asiye na nguvu.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike leo: pesa za wazee ni pembe ya shamba. Shamba letu ni Kenya. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inaiagiza serikali kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Hiyo ni sheria ya nchi. Kodi inayolipa pesa hizo imetoka kwenye sukari, sabuni na pakiti ya unga ambavyo bibi huyo amenunua tangu ujana wake. Amepanda katika shamba hilo. Mwache aokote.

Na tusiseme shamba letu halina kitu. Sisi tunaishi Kwale. Ukitoka Ukunda ukashuka baharini unaona hoteli zilizojaa wageni. Ukielekea Msambweni, kule Nguluku, kulikuwa na mgodi wa titani. Meli ya kwanza ya madini yetu iliondoka Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inasema kwamba mrabaha, yaani yale malipo anayotoa mchimbaji kwa madini ya umma, ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali pale. Angalia hiyo kumi ya mwisho. Hata watunga sheria wa Nairobi walijua kwamba shamba lina pembe ambazo mwenye shamba hatakiwi kuzivuna. Kazi yetu kama raia ni kuuliza, kwa heshima na bila woga, kama pembe hizo zinawafikia wenyewe.

Nijibu na ile video ya Marekani. Yule mhubiri anazungumzia mjadala wa kwao, na sisi tumeudaka kama nguo ya mtumba bila kuangalia kama inatuenea. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyobadilisha msaada wa familia maskini uliokuwapo tangu 1935. Wakaweka kikomo cha miaka mitano na sharti la kufanya kazi. Mjadala ule ulihusu wazazi wenye umri wa kufanya kazi, na mpaka leo Wamarekani hawajaumaliza. Lakini malipo ya uzeeni, yaliyoletwa na sheria ileile ya 1935, hayakufutwa. Mamilioni ya wazee wa Marekani hulipwa kila mwezi, na bila shaka wengine wao huketi viti vya mbele katika makanisa yanayofundisha kwamba msaada wa serikali ni laana.

Huna haja ya kwenda Marekani. Nenda Diani. Utawaona wazee wa Kizungu waliohamia kwetu kula uzee wao. Asubuhi wanatembea ufuoni, mchana wanapumzika chini ya makuti. Wengi wao wanaishi kwa nini? Kwa malipo ya uzeeni ya kwao. Ujerumani ilianza mpango wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1889, chini ya Bismarck, wafanyakazi wakichangia pamoja na waajiri na serikali, na umri ulikuwa miaka 70. Uingereza ilianza kulipa Januari 1909: shilingi tano kwa wiki kwa maskini mwenye miaka 70, bila kuchangia chochote kabla. Huko nako walikuwapo waliolia kwamba taifa litazama kwa uvivu. Je, Uingereza na Ujerumani zimezama?

Sasa niambie, mpendwa. Mzee wa Kizungu akilipwa na serikali yake tunasema amestaafu. Bibi aliyeshona makuti yanayomfunika mzee yule akipokea elfu mbili tunasema ni mvivu. Mzani huo tumeutoa wapi? Mithali 11:1 inatuambia Bwana anauonaje mzani wa udanganyifu.

Hesabu ni hii. Elfu mbili kwa mwezi ukigawanya kwa siku thelathini ni shilingi sitini na sita na senti. Haifiki bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili. Na kiwango hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya kila kitu ikipanda. Nionyeshe mtu aliyeacha kazi nzuri kwa sababu ya shilingi sitini na sita.

Wengine mnasema, "Watainywea mnazi." Yupo mtu anayeinywea, sikatai. Yupo pia mwenye mshahara wa hoteli anayeunywea wote kabla ya tarehe kumi, na hatujawahi kusema mishahara ifutwe. Watafiti wawili wa Benki ya Dunia, Evans na Popova, walikusanya mwaka 2014 tafiti nyingi za nchi maskini kuhusu jambo hili. Hawakukuta kwamba pesa za msaada huongeza ulevi na sigara kwa ujumla.

Na kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na limetokea hapahapa. Mwaka 2004, serikali ikisaidiwa na UNICEF ilipotaka kujaribu kuzipa pesa familia zinazolea mayatima, ilianza na familia 500 hivi, shilingi 500 kwa mwezi, katika sehemu tatu: Nairobi, Garissa na Kwale. Kwale yetu! Wakati ule Ukimwi ulikuwa unatufagia, na mabibi walikuwa wakibaki na vijukuu vinne, vitano, bila mzazi hata mmoja. Mbegu ya mpango huu mkubwa unaofikia leo zaidi ya watu milioni moja nchini ilipandwa katika udongo wetu.

Baadaye mpango ulipopanuka wilaya nyingi, watafiti waliwafuatilia vijana katika nyumba zilizopokea pesa na zile ambazo hazikupokea. Walikuta kwamba katika nyumba zilizopokea, vijana walichelewa zaidi kuanza mambo ya ngono, na mimba za mapema zilipungua. Sisi tunaoishi karibu na hoteli tunaelewa maana ya hilo. Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti kuhusu watoto wanaotumiwa kingono katika utalii wa pwani, na Diani ilitajwa humo. Mtoto anayelala njaa huenda ufuoni, na ufuoni kuna mtu mwenye pesa anayemsubiri. Tumekesha tukiombea binti zetu, na tuzidi kukesha. Lakini kama shilingi elfu mbili inaweza kumbakiza binti mmoja nyumbani na kitabu chake, mimi sitasimama madhabahuni kuitukana.

Wapo wanaosema, "Basi kanisa litoe, si serikali." Nami natamani tungeweza. Lakini tuhesabu pamoja. Hapa kwetu tuna wazee kumi na wanne waliovuka miaka sabini. Elfu mbili kwa kila mmoja ni elfu ishirini na nane kwa mwezi, yaani laki tatu na elfu thelathini na sita kwa mwaka. Mhazini wetu anajua, na mimi najua, mfuko wa huruma haujawahi kuona pesa hizo. Na hao ni wetu tu. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na mabibi wao wana njaa ileile na presha ileile. Nani atawatunza? Yakobo 2:15-16 inamkemea anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, huku hampi kitu. Kusema "kanisa litoe" wakati kanisa halitoi ni njia nyingine ya kumwambia aende kwa amani.

Lakini nisiitetee serikali kupita kiasi. Pesa zinachelewa, mara nyingine miezi. Wapo wanaostahili ambao hawamo kwenye orodha, na wapo walio kwenye orodha ambao hawastahili. Isaya 10:1-2 inatamka ole juu ya waandikao sheria za kuwanyima maskini haki yao na kuwafanya wajane mateka. Na uchaguzi wa 2027 unakuja. Mtasikia mwanasiasa akimwambia bibi, "Mimi ndiye niliyekuleta kwenye orodha, unikumbuke." Someni Mwanzo 47 mwone jinsi msaada unavyoweza kugeuka: watu wa Misri walianza kwa kununua nafaka, wakaishia kuuza mifugo, kisha mashamba, kisha miili yao. Pembe ya shamba hailipiwi kwa kura. Bibi akiambiwa hivyo, ajibu kwamba ni haki yake katika Katiba.

Sasa tufanye nini? Matendo 6 inatupa mfano. Wajane wenye lugha ya Kiyunani walisahaulika katika huduma ya kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema hao wajane ni wavivu. Hawakusema tufunge siku tatu halafu tuone. Walitengeneza utaratibu. Wakachagua watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, kusimamia meza. Unaona? Walitafuta watu waliojaa Roho kwa kazi ya kugawa chakula na kuangalia orodha. Kumbe kazi hiyo ni ya kiroho.

Basi nawaomba mambo matano.

Moja. Kila ushirika wa nyumbani uandike majina ya wazee wake waliofika miaka sabini, na walemavu wasioweza kujihudumia. Tuangalie nani ana kitambulisho na nani hana, na kama mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa ni wa kweli. Wapo wazee wetu waliopunguziwa miaka kumi na karani aliyekisia kwa kuangalia uso. Tukimaliza tutakwenda kwa chifu pamoja, mchana, bila kificho na bila "chai" ya mtu. Na tukimkuta jirani Mwislamu aliyesahaulika, jina lake tulipeleke pamoja na yetu. Boazi hakumuuliza Ruthu kabila kabla ya kumruhusu aokote.

Mbili. Vijana mnaojua simu, mpelekeni mzee kwa ajenti, msubiri, mrudi naye. Namba ya siri ni yake. Wajukuu mnaoikariri namba ya bibi na kumkata mia tano kila malipo, Mungu anawaona, na mimi nimeanza kuwasikia. Zakaria 7:10 imekataza kumdhulumu mjane. Rudisha ulichochukua. Zakayo alirudisha mara nne.

Tatu, na hili linauma. Wana na mabinti mnaofanya kazi. Wapo kati yenu walioacha kutuma kitu nyumbani tangu mama aanze kupokea. "Mama sasa analipwa na serikali." Ndugu, 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, na ni mbaya kuliko asiyeamini. Pesa za serikali ziliwekwa juu ya zako. Hazikuwekwa badala ya zako. Najua mwezi wa tano na wa sita hoteli zinafunga na wengi wenu mnarudi nyumbani mikono mitupu. Msimu huo hatukulaumu. Lakini Desemba inapokuja na mfuko umejaa, mkumbuke aliyekubeba mgongoni.

Nne ni kwangu mimi na kwa watumishi wenzangu wanaosoma hapa. Hakuna tena kuita "mbegu ya elfu" Jumapili ile pesa za wazee zinapoingia. Tunajua tarehe, na wengine tumeitumia. Tunapenda kuhubiri yule mjane wa senti mbili katika Marko 12, lakini tunaanzia mstari wa 41. Anzia mstari wa 40. Bwana Yesu alikuwa ametoka kuwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, ndipo akatazama akaona mjane akitia kila alicho nacho. Bibi akitaka kumtolea Bwana shilingi hamsini kwa furaha yake, nitaipokea kwa mikono miwili na kwa hofu. Lakini hataombwa na mtu. Na Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao, sehemu ya kumi ya kila zaka inayoingia kanisani itakwenda mfuko wa huruma kabla ya kulipa kitu kingine chochote, pamoja na posho yangu. Nimekubaliana na wazee wa kanisa, na mhazini atasoma hesabu mbele yenu kila mwezi.

Tano. Vijana wenye nguvu, jembe lenu liko palepale. Nimewatetea wazee, sijawatetea ninyi. Usikae kibarazani ukingojea malipo ya bibi yako. Ruthu aliokota tangu asubuhi mpaka jioni, akapura, akabeba mgongoni, akampelekea Naomi. Kama kazi hazipo, njoo tutafute pamoja, na kuomba tutaomba. Lakini kula jasho la bibi mara ya pili, hapana.

Nimalizie na yule mzee aliyetoka kwenye grupu. Jana jioni nilikwenda kwake. Nilimkuta chini ya mwembe akirekebisha wavu ambao, kwa hali ya magoti yake, sidhani kama ataingia nao baharini tena. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya wote, nami nikiwamo. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilivua miaka arobaini. Samaki wangu wamewalea watu wengi hapa. Sikujua kwamba siku moja wataniita mvivu."

Sikuwa na mstari wa kumjibu. Nilishika upande wa pili wa wavu, tukaendelea.

Mzee amekubali kurudi. Tutamrudisha kwenye grupu leo jioni. Usiandike hubiri wala usitume video. Mwandikie tu, "Karibu baba." Na kama wewe ni mmoja wa walioandika yale maneno, usiishie hapo. Nenda kwake, na usiende mikono mitupu.

Tuombe. Baba, utusamehe tulipowapima wazee wetu kwa mzani ambao hatujipimii wenyewe. Asante kwa pembe za shamba. Wape watawala wetu hofu yako, wasizivune. Utupe sisi macho ya kumwona aliyesahaulika na miguu ya kumfuata. Umponye kila bibi aliyeumizwa na maneno yetu, ukianza na yangu. Katika jina la Yesu.

Ukikubali sema Amina, kisha uniandikie pembeni jina la mzee mmoja utakayempeleka kwa ajenti malipo yajayo. Jumapili tuonane saa tatu kamili. Mbarikiwe.

Mchungaji wenu